Leso Juu ya Trekta

Mwezi uliopita nilirudisha chuoni funguo za ofisi, ovaroli mbili na filimbi. Ovaroli sikuzionea huruma. Filimbi niliitoa shingo upande, kwa sababu kwa miaka mingi ilikuwa kitu pekee pale chuoni kilichonyamazisha walimu. Aliyepokea vitu hivyo ni Owor, kijana aliyechukua nafasi yangu ya afisa wa usalama. Aliniomba nimwandikie mambo machache kuhusu kazi hii, yeye na wenzake wanaoanza katika vyuo vingine. Nilimwambia mambo machache hayapo, ila nitajaribu. Vyeo nilivyopewa sitavieleza, maana hiyo ni habari fupi na haina mafunzo. Mshahara ni habari fupi zaidi.

Mimi ni Msamia wa upande wa Kenya. Nilizaliwa Busia, nikaolewa upande huu wa Uganda, Tororo, na wanafunzi wa pande zote mbili wameniita Madamu mpaka nikasahau kama nina jina lingine. Chuo chetu ni cha ufundi, kiko kando ya barabara ya kwenda Busia, kabla hujafika Busitema. Nilikuja kufundisha umeme wa majumbani. Kazi ya usalama nilipewa kwa sababu siku moja nilichelewa kikaoni, na nilipofika wengine wote walikuwa wamekwisha kuikataa.

Siku ya kwanza nikiwa na cheo hicho niliuliza mtungi wa kuzimia moto uko wapi. Nilipelekwa ofisini kwa mkuu wa chuo, nikaonyeshwa kabati la kioo. Mtungi ulikuwa ndani, umepanguswa vizuri, katikati ya vikombe vya mpira. Uliwekwa humo usiibwe. Ufunguo wa kabati alikuwa nao karani, na karani alikuwa amekwenda kula. Nikauliza ndoo nyekundu za mchanga. Mchanga ulikuwa umetumika kukarabati ngazi ya bwalo, na ndoo nikazikuta bwenini, nguo za watu zimelowekwa ndani. Nilirudi ofisini nikakaa chini nikacheka, halafu nikaanza kazi.

Aliyenifundisha kazi hii si kozi, ingawa kozi nilikwenda na vyeti ninavyo. Ni Mzee Emojong, Mteso aliyefundisha mashine za kukereza vyuma baada ya kufanya kazi kiwandani ujana wake wote. Alikuwa na maneno machache na hasira za karibu. Asubuhi yangu ya kwanza katika karakana yake nilianza kukagua mashine moja moja, naye akanisimamisha.

"Weye naangalia nini juu?" aliniuliza. "Angalia chini. Angalia miguu."

Nikaangalia chini. Nusu ya darasa walikuwa na sapatu, wengine viatu vya tairi, na mmoja alikuwa peku kwa sababu buti zake alikuwa amemwazima rafiki aliyekwenda kuposa kijiji cha Mella. Mzee Emojong aliwatoa nje wote bila kupandisha sauti. Tangu siku hiyo nimeingia kila karakana macho yakiwa sakafuni, na hata nyinyi nawashauri hivyo hivyo. Miguu itakuambia kama mwalimu anaheshimiwa, kama kuna mafuta yaliyomwagika, kama nyaya zimelala ovyo. Baada ya miguu, nusa. Waya inayoungua ina harufu yake, na ukiizoea utaisikia ukiwa bado mlangoni. Mashine ziache mwisho, hazikimbii.

Kesi ngumu za miaka ya mwanzo zilikuwa nyingi kuliko ninavyoweza kuzieleza hapa. Kulikuwa na kijana wa kutoka Malaba, upande wa Kenya, aliyekuwa akikata vyuma kwa grinda huku amevaa miwani ya jua. Nilipomzimia mashine alishangaa kweli.

"Madam, hii ni ori, original kabisa," akaniambia. "Hata scratch haishiki."

Nilichukua miwani nikaiweka mezani, nikaigonga kwa kipande cha chuma si kikubwa kuliko ukucha. Ilipasuka vipande vipande. Kijana alinung'unika wiki nzima, si kwa sababu ya macho yake, kwa sababu ya miwani. Leo ana karakana yake mwenyewe Malaba, na nikipita hapo ananinunulia soda huku akiwafokea vijana wake wavae kinga. Ananiiga mpaka sauti.

Ila nikisema kesi moja iliyonifundisha kuliko zote, ni ya Mama Nekesa, na hiyo nitaieleza yote.

Mama Nekesa alikuwa mpishi mkuu wa chuo, mwanamke mnene, mcheshi, mwenye mkono mwepesi wa chapati. Nekesa ni binti yake wa kwanza, ambaye alipenda kuja jikoni kumsaidia. Wakati huo tulikuwa tumeajiri mwalimu wa kuchomelea vyuma aitwaye Egessa, kijana mtulivu kabisa. Nekesa alipoanza kuja jikoni, Egessa alianza kusikia njaa mara kwa mara. Mwaka haukuisha, mahari ikapelekwa, na sote tukala na kucheza.

Baada ya harusi Egessa hakukanyaga tena jikoni. Wasomaji wa huku hawahitaji kuelezwa, lakini wa mbali wajue kwamba kwetu Wasamia mama mkwe na mume wa binti yake hawapeani mkono, hawakai chumba kimoja, hawatazamani usoni wala hawatajani majina. Si uadui, ni heshima. Wakikutana njiani, mmoja ataingia shambani kwa watu mpaka mwenzake apite. Chuoni waliyamudu hayo vizuri. Sahani ya Egessa ililetwa karakana na mwanafunzi, siku zote ikiwa na nyama nzuri kuliko ya mkuu wa chuo, na Egessa alisubiri jikoni kufungwe ndipo apite njia ile.

Tatizo lilikuja na mazoezi ya moto. Kengele yetu ilikuwa rimu ya lori iliyoning'inizwa nje ya bwalo. Ikigongwa polepole ni kubadilisha vipindi, ikigongwa mfululizo ni moto, na watu wote wakimbilie uwanja wa mpira wahesabiwe. Zoezi la kwanza tulihesabu tukakosa mtu mmoja. Nilikwenda kumtafuta mwenyewe, nikamkuta Mama Nekesa amejibana nyuma ya tangi la maji, ukutani kabisa mwa jengo ambalo tulijifanya linaungua.

"Mama, hapa utakufa," nikamwambia.

"Madamu, mimi nakwenda simama pale namna gani?" akanijibu kwa kunong'ona. "Yule mtu iko pale."

Zoezi la pili, vivyo hivyo. La tatu, watu hawakusumbuka hata kutafuta. Nilipoita jina lake, uwanja mzima ulijibu kwa kicheko, "Nyuma ya tangi!" Egessa aliinamisha kichwa. Mkuu wa chuo, bwana mpole anayependa mambo yaishe upesi, alicheka pia akasema tuandike yupo.

Hapo ndipo nilipoingiwa na hofu. Mtu ambaye watu wote wamezoea kwamba hayupo ni mtu ambaye hatatafutwa siku akipotea kweli. Niliwaza jambo hilo mpaka chakula kikanishinda.

Mkuu wa chuo alitaka kumwandikia Mama Nekesa barua ya onyo. Nilimkatalia. Sheria inayomvunjia mtu heshima yake itafuatwa siku ya ukaguzi tu, na moto hauji na wakaguzi. Badala yake nilitembea nyuma ya jikoni nikitafuta mahali, nikapata trekta. Lilikuwa trekta bovu la zamani, karibu na ua, mbali na majengo, nyasi zimeota mpaka kwenye kiti. Aliyesimama nyuma yake haonekani kutoka uwanjani, lakini trekta lenyewe linaonekana vizuri sana. Nikamwambia Mama Nekesa kwamba hicho ndicho kituo chake. Rimu ikilia mfululizo, aende nyuma ya trekta, na nikipuliza filimbi ainue leso yake ya njano, ile kanga aliyozoea kujitanda, juu ya kiti.

"Yeye hapana niona?"

"Ataona leso. Leso si mkwe wake."

Alifikiri kidogo, akacheka mpaka mabega yakatikisika, akakubali. Zoezi lililofuata nilihesabu uwanja, nikapuliza filimbi, leso ya njano ikapanda juu ya trekta ikipungwa kama ya watu wanaoaga gari moshi. Wanafunzi walianguka kwa kucheka. Niliwaacha wacheke, kwa kuwa hesabu yangu ilikuwa imetimia.

Jambo la pili nililolishikilia ni madirisha. Majengo yetu yalikuwa na vyuma vya kuzuia wezi, vimechomelewa moja kwa moja ukutani, ili mwizi asiingie na mtu asitoke. Nilidai kila chumba kiwe na dirisha moja ambalo vyuma vyake vinafunguka kwa komeo. Egessa na wanafunzi wake waliyatengeneza yote. Lile la stoo ya jikoni alilifanya Jumapili, peke yake, mama mkwe akiwa kanisani.

Sasa moto. Ulikuwa msimu wa kiangazi, saa ya kukaribia chakula cha mchana. Katika stoo ya jikoni kulikuwa na magodoro ya sponji yaliyotolewa bwenini, yamewekwa humo "kwa muda", na muda huo ulikuwa unaelekea kuzaa wajukuu. Nilikuwa nimelalamika kuhusu magodoro hayo mpaka nikaitwa Mama Godoro. Siku hiyo mtu mmoja jikoni alizima makaa yaliyobaki, kama tunavyofanya sote ili yatumike tena, akayamwaga guniani na kuyaweka stoo. Makaa hayakuwa yamezimika.

Nilikuwa darasani niliposikia harufu ya sponji inayoungua. Nilitoka mbio na kugonga rimu mfululizo mpaka mkono ukafa ganzi. Watu walikwenda uwanjani vizuri, bila kusukumana, wakajipanga. Moshi mweusi ulikuwa umekwisha kujaa mlango wa jikoni. Wasaidizi wote wa jikoni walikuwapo, macho yakiwatoka machozi. Niliita majina, yakatimia yote isipokuwa moja.

Nikapuliza filimbi nikatazama trekta. Hakuna kitu.

"Huyo mama tunamjua," mkuu wa chuo akasema. "Kajificha tu nyuma ya tangi."

Wanafunzi kadhaa wakacheka. Nikapuliza tena, kwa nguvu zangu zote. Juu ya kile kiti kulikuwa na nyasi tu.

"Leso haiko," nikasema. "Mama Nekesa yuko ndani."

Kicheko kilikatika. Egessa, aliyekuwa amelipa trekta mgongo kama kawaida yake, aligeuka kwa mara ya kwanza. Alikuwa ametoka kazini vile vile, koti la ngozi mwilini, nyundo kiunoni, ile ngao ya uso ya kuchomelea imepandishwa kichwani.

"Stoo," alisema mmoja wa wasaidizi wa jikoni, akianza kulia. "Alikwenda kuchota unga wa posho."

Niliwafundisha watu wote kwamba haingii mtu kwenye moshi, na siku ile sikuibadilisha sheria. Nilimwambia mkuu wa chuo awazuie wanafunzi pale pale na atume mitungi ya kuzimia mlango wa mbele. Mimi na Egessa tulizunguka nyuma, kwenye dirisha lenye komeo. Komeo lilikuwa limekwama, maana kulipokuwa na wageni wakubwa dirisha lilipakwa rangi pamoja na komeo lake, lipendeze. Egessa alilipiga nyundo mara kadhaa, likaachia, vyuma vikafunguka. Moshi ulitumwagikia usoni. Nilichungulia chini ya dirisha, nikamwona. Alikuwa amelala ukutani karibu na sakafu, kama nilivyowafundisha, mdomo umezibwa kwa leso. Mguu wake mmoja ulikuwa chini ya gunia la unga, na alikuwa anajaribu kuuvuta.

"Egessa, mshike mabega umtoe."

Egessa alirudi nyuma. Mtu aliyekuwa akipiga chuma kama mwendawazimu sasa aliificha mikono mgongoni.

"Madamu, huyu ni mama ya Nekesa."

"Najua ni mama ya nani."

Mama Nekesa alisikia. Aliinua macho, akaona ni nani aliye dirishani, na kwa nguvu alizobaki nazo akageuzia uso ukutani.

"Hapana," alisema, huku akikohoa. "Ita mtu mwingine, Madamu. Mimi nangoja."

Mimi nangoja! Magodoro yanawaka upande wa pili wa chumba, naye ananiambia anangoja, kwa adabu, kama mtu aliye kwenye foleni ya posta. Nilitamani kumpiga kofi. Nilitamani pia kulia, kwa sababu niliona kwamba alimaanisha. Mimi mwenyewe nisingeweza kumnyanyua, na kumwita mtu mwingine toka uwanjani ilikuwa kumpoteza.

"Mama, sikiliza," nikamwambia. "Jifunike leso uso mzima. Kichwa chote. Hutamwona."

Alijifunika.

"Egessa, teremsha ngao."

Wasiojua kazi hiyo waelewe kwamba kioo cha ngao ya kuchomelea ni cheusi. Kimetengenezwa kwa ajili ya mwanga mkali wa chuma kinachoyeyuka. Ukiivaa mchana wa kawaida huoni hata mkono wako. Egessa alinitazama, akaelewa, akaiteremsha. Kisha akaegemea ndani ya dirisha mpaka kiunoni, kipofu kabisa, mikono mbele.

"Kushoto," nikamwambia. "Chini zaidi. Hilo gunia, lisukume. Bado. Sasa mbele yako. Hapo. Mabega ndiyo hayo. Vuta."

Alivuta. Nami nilimshika koti kwa nyuma nikavuta pia. Mama Nekesa alitoka dirishani amefunikwa leso ya njano, akaangukia nyasi, na sisi wawili tukaanguka naye. Egessa aliinuka, akatembea kwenda zake bila kupandisha ngao, akajigonga kwenye tangi la maji, akalizunguka kwa kupapasa, akapotea upande wa karakana.

"Amekwenda?" iliuliza sauti chini ya leso.

"Amekwenda."

Ndipo alipofunua uso akavuta pumzi. Nilikaa karibu naye nikalia, na sioni haya kusema.

Moto ulizimwa kabla haujafika bwalo. Mitungi haikuwa tena kwenye kabati la vikombe. Stoo ilipoteza paa na kila kilichokuwa ndani, magodoro yakiwa ya kwanza, na hayo sikuyalilia. Mama Nekesa alilazwa hospitali mjini Tororo, akarudi na sauti iliyokwaruza na hamu ya kuwagombeza watu wa makaa.

Lakini mambo hayakuishia hapo, maana koo mbili zilikuwa na swali. Mkwe amemgusa mama mkwe. Kikao kiliitwa nyumbani kwa mama, nami nikaitwa kama shahidi, kwa sababu ni mimi niliyeamuru. Nekesa alikuwa amekaa pembeni na mtoto mgongoni, amekonda kwa wasiwasi, maana wazee wangeweza kumrudisha kwao mpaka jambo lisafishwe. Nilieleza yote. Mzee mmoja, babake mdogo Mama Nekesa, alinitazama kwa mashaka.

"Unasema huyu kijana hakuona kitu? Na alimtoa mtu dirishani?"

Nilikuwa nimetarajia swali hilo. Nilifungua mfuko nikatoa ngao ya Egessa. Yule mzee aliivaa, akanyoosha mikono, akapapasa, akamshika jirani yake pua. Baada ya hapo kila mzee alitaka zamu. Waliitazama nyumba, hawakuiona. Walitazama jua, wakaliona dogo, la kijani, kama sarafu, na kikao kikasimama kwa muda mrefu wazee wakitazama jua mmoja baada ya mwingine. Mwisho waliamua kwamba kuona hakukuwepo, na kugusa kulifanywa na kazi, hakukufanywa na mtu. Mbuzi alichinjwa hata hivyo. Wazee hawawezi kutembea mbali kiasi kile kwa ajili ya jua la kijani peke yake. Nekesa aliondoka jioni ile na mumewe, aliyekuwa akingoja nje ya boma, akicheka na kulia kwa pamoja.

Tangu hapo, katika kila zoezi, Egessa alisimama akilipa trekta mgongo, na nikimaliza kuhesabu uwanja aliniuliza kwa sauti ya chini, "Madamu, iko?" Nilimjibu, "Iko." Hatukuzungumza zaidi ya hapo kuhusu siku ile, wala haikuhitajika.

Siku ya kuniaga walipika, wakahutubu, wakanipa saa ya ukutani. Baadaye niliwaomba zawadi moja zaidi, zoezi la moto, tena nisiliongoze mimi. Owor aligonga rimu, watu wakaenda uwanjani, nami nikajipanga nao nikahesabiwa. Owor ni makini. Aliita majina yote bila kukosea, la Mama Nekesa wanafunzi wakamjibia kwa kicheko naye akaandika yupo, akatazama karatasi yake, akatangaza kwamba sote tupo. Watu wakaanza kutawanyika kurudi kwenye soda zao.

Nilikuwa nimefungua mdomo kumrekebisha. Lakini mbele yangu Egessa hakusogea. Alikuwa amesimama pale pale, mgongo kwa trekta, mkono ameuinua kama mwanafunzi.

"Bado mtu moja, afande," alimwambia Owor. "Piga filimbi, angalia kule nyuma yangu. Mimi siwezi geuka."

Owor alinitazama, nikajifanya simwoni. Akapuliza. Kwa muda hakikutokea kitu, na uwanja mzima, hata wale waliokuwa wamekwisha kuondoka, ukasimama ukitazama lile trekta. Kisha leso ya njano ikapanda juu ya kiti, pindo lake moja likiwa bado jeusi kwa moto, ikapungwa.

"Iko," Owor akasema.

Egessa akashusha mkono.